Somo la Kiingereza kwa Watu Wazima: Maneno "By and Large"

Wewe uliyelisikia somo hili katika redio, soma kurasa hizi upate kukumbuka. Na wewe uliyekosa kulisikia kwa sababu ya kazi au safari, usifadhaike. Yote yaliyosemwa yameandikwa hapa. Chukua daftari na kalamu, kaa mahali penye mwanga, tuanze.

Leo hatutajifunza maneno mengi. Tutajifunza matatu tu, nayo ni mafupi. Maneno yenyewe ni haya: "by and large".

Kwanza tuyatamke. Neno la kwanza hutamkwa "bai", kama mwanzo wa neno baiskeli. Neno la pili, "and", hutamkwa upesi sana, karibu lisisikike: "en". Neno la tatu hutamkwa "laaj". Vuta sauti ya "a" kama unavyoivuta katika neno laana, kisha umalizie kwa "j". Herufi "r" imeandikwa, lakini Waingereza wengi hawaitamki. Haya, sema polepole: bai-en-laaj. Sema tena: bai-en-laaj. Sasa sema kwa mara moja, kana kwamba ni neno moja. Vizuri.

Sasa tutazame maana. Najua kwamba wengi wenu mmekwisha kujifunza maneno haya, moja moja. Mwajua ya kuwa "by" ni kando ya, au kwa. Twasema "by the river", yaani kando ya mto. Twasema "by bus", yaani kwa basi. "And" ni na. "Large" ni kubwa. Basi mtu akiyachukua maneno haya na kuyafasiri moja baada ya jingine, atapata "kwa na kubwa". Je, hiyo ni maana? Siyo. Hakuna mtu atakayeelewa.

Lakini msicheke. Hata lugha yetu ina maneno ya namna hiyo. Mgeni akikusikia unasema, "Mambo yamekwenda mrama," atajiuliza, mrama ni wapi, na mambo yamefikaje huko? Wewe hujiulizi, kwa maana umezoea. Kila lugha ina mafungu ya maneno ambayo yamefungwa pamoja kama kuni. Ukiufungua mzigo na kuchukua kijiti kimoja kimoja, hutaupata mzigo tena. "By and large" ni mzigo wa namna hiyo.

Maana yake ni hii: kwa jumla, kwa sehemu kubwa. Mtu anayesema "by and large" anatuambia kwamba jambo analolisema ni kweli kwa sehemu kubwa, lakini si kweli kwa kila sehemu. Tazama mifano hii.

"By and large, the rains were good." Kwa jumla, mvua zilikuwa nzuri. Labda wiki mbili za katikati zilikuwa kavu, lakini ukitazama msimu wote, mvua zilikuwa nzuri.

"By and large, the farmers agree." Kwa sehemu kubwa, wakulima wanakubali. Wako wachache wasiokubali.

"The roads are, by and large, safe." Barabara, kwa jumla, ni salama. Lakini huenda iko barabara moja, au daraja moja, ambalo si salama.

Umeona mahali maneno haya yanapokaa? Yaweza kukaa mwanzo wa sentensi, na baada yake twaandika mkato. Yaweza pia kukaa katikati ya sentensi, baada ya neno kama "is" au "are", na hapo twaandika mkato mbele yake na nyuma yake. Mkato huo una kazi. Unamwambia msomaji, "Simama kidogo, uyatazame maneno haya." Mimi sikusimama, na sasa nitawaeleza yaliyotokea.

Nilikuwa kijana wa miaka 18, nami nilikuwa nimerudi nyumbani likizo. Kwetu ni upande wa Ziwa Viktoria, mahali watu wanapolima pamba. Chama cha ushirika cha kijiji chetu kilikuwa na mizani 4 za kupimia pamba. Siku moja chama kilipata barua kutoka kwa mkaguzi aliyekuwa amezikagua mizani hizo. Barua ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza. Wazee wakaniita niisome mbele ya mkutano. Nilifurahi kupita kiasi. Nilivaa shati jeupe, nikasimama chini ya mwembe, nikaifungua barua.

Sentensi ya kwanza ilikuwa hii: "By and large, your scales are in good order." Nami nikaifasiri kwa sauti kubwa: "Mizani zenu ziko katika hali njema." Watu wakapiga makofi. Karani wa mizani akatabasamu. Mwenyekiti akakunja barua, akaitia katika sanduku.

Palikuwa na bibi mmoja, mjane, aliyeleta pamba yake kila juma kwa kuibeba kichwani. Huyo alikuwa amelalamika tangu mwanzo wa msimu. Alikuwa akisema, "Pamba yangu nyumbani ni nzito, mizanini ni nyepesi. Shingo yangu yaijua pamba yangu." Baada ya barua ile kusomwa, watu walimwambia, "Bibi, umesikia mwenyewe. Mizani ni nzima. Labda ni shingo yako iliyozeeka." Naye akanyamaza. Afanye nini, na mjukuu wa kijiji aliyesoma shule amekwisha kusema?

Msimu ulipokwisha, mkaguzi alifika tena. Akazitazama mizani, akauliza, "Hii ya nne mbona hamjaitengeneza?" Mizani ya nne ilikuwa ikipunguza kilo 2 katika kila mzigo. Ndiyo mizani iliyokuwa karibu na njia ya bibi yule. Mwenyekiti alikasirika, akasema kwamba barua haikutaja kosa lolote. Akalifungua sanduku, akaitoa, akanipa. Akaniambia, "Isome tena. Safari hii usiruke neno."

Nikaanza, "By and large..." Nikakwama.

Barua ilikuwa imesema. Mkaguzi hakuandika ya kuwa mizani zote ni nzima. Aliandika ya kuwa kwa sehemu kubwa ni nzima, na mwisho wa barua aliandika kwamba tukitaka maelezo zaidi tumwulize. Sisi hatukuuliza, kwa sababu mimi niliyaruka maneno matatu. Nilidhani ni mapambo tu, kama salamu za mwanzo wa barua. Kumbe ndani ya maneno hayo ndimo ilimokaa mizani ya nne.

Chama kilitazama vitabu, kikawalipa watu wote waliopimiwa katika mizani ile. Bibi alipokea fedha zake, akazihesabu, akazifunga katika pindo la kanga. Kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, hivi Kiingereza hakina neno la kusema isipokuwa?" Nikamjibu, "Lipo, bibi. Mimi niliona ni dogo, nikaliacha." Hakunikemea. Lakini tangu siku ile sijaliacha tena.

Basi, ndugu zangu, hii ndiyo sababu ya kuwafundisha maneno haya. Ninyi ni watu wazima. Mna mashamba, mna watoto shuleni, mna vyama na kazi. Barua zinazowafikia si za mchezo. Mtu akikuandikia "by and large", usifurahi upesi, wala usikasirike. Jiulize swali moja: na kilichobaki ni kipi?

Sasa labda mwanafunzi mmoja atauliza, "Maneno haya yametoka wapi? Kwa nini kando na kubwa vikafungwa pamoja?" Ni swali jema. Mimi nilikaa miaka mingi bila kuelewa, kwa maana kwetu ni bara, na maneno haya yalizaliwa baharini. Baadaye nilipopewa kazi ya kufundisha darasa la watu wazima huko pwani, nilipata wanafunzi waliokuwa mabaharia. Mmoja wao, mzee aliyekuwa nahodha wa jahazi, alifahamu upesi kuliko mimi mwalimu wake.

Fikiri kwamba uko katika chombo cha matanga. Chombo hicho hakina injini, kinategemea upepo. Upepo ukitoka nyuma, kazi ni nyepesi. Unalifungua tanga, linajaa, chombo kinakwenda. Lakini ikiwa upepo unatoka kule unakotaka kwenda, kazi ni ngumu. Hakuna chombo cha tanga kiwezacho kuukabili upepo uso kwa uso. Nahodha hulikaza tanga, akaelekeza omo karibu na upepo kadiri awezavyo, akaenda upande huu, kisha akageuza, akaenda upande ule, mpaka afike. Mabaharia wetu huuita upande upepo unakotoka joshi, na upande wa pili huuita demani. Kukaza mwendo karibu na upepo namna hiyo ni kwenda joshi.

Mabaharia wa Kiingereza wa zamani nao walikuwa na maneno yao. Kwenda karibu na upepo waliita kwenda "by the wind". Ndiyo "by" yetu ya leo: kando ya upepo. Na kwenda kwa upepo unaotoka nyuma au ubavuni kwa nyuma, chombo kikiwa na nafasi na matanga yamefunguliwa, waliita kwenda "large". Hiyo siyo kubwa ya nyumba kubwa. Ni ya kuwa na nafasi, ya kutobanwa.

Sasa chombo kingine huweza kwenda vizuri upepo ukiwa nyuma, lakini kikashindwa kabisa kwenda karibu na upepo. Kingine ni hodari wa kwenda karibu na upepo, lakini ni kizito upepo ukiwa nyuma. Chombo kilichojaribiwa kwa hali zote mbili, ndicho kilichojaribiwa "by and large". Maneno haya yamo katika kitabu cha ubaharia cha Mwingereza Samuel Sturmy, kilichopigwa chapa mwaka 1669. Baadaye watu wa nchi kavu wakayachukua, wakayatumia kwa mambo mengine. Maana ikageuka polepole: kutoka kwa hali zote mbili, ikawa kwa kutazama jambo pande zote, na mwisho ikawa kwa jumla. Kwa maana mtu anayetazama pande zote hutoa hukumu ya jumla, na kasoro ndogo hupita.

Nilipokwisha kueleza haya, yule nahodha mzee akasema, "Mwalimu, sasa nimeelewa. Chombo usikisifu kwa upepo wa nyuma. Hata gogo likisukumwa nyuma litakwenda. Ngoja ukione kikienda joshi, ndipo ukisifu." Darasa lote likacheka, lakini alikuwa amesema kweli. Zamani majahazi ya Arabuni yalikuja pwani yetu kwa upepo wa kaskazi, yakangoja, yakarudi kwao kwa upepo wa kusi. Manahodha wale walijua thamani ya upepo wa nyuma, ndiyo sababu walikuwa tayari kuungoja kwa miezi.

Tena akaniambia jambo ambalo mimi, mtu wa bara, sikulijua. Neno mrama, ambalo nilikuwa nimelisema tangu utotoni, nalo ni la baharini. Chombo kikilaliwa na mawimbi, kikayumba ubavu huu na ubavu huu, ndiko kwenda mrama. Kwetu watu husema mambo yamekwenda mrama, nao hawajapata kuiona bahari. Waingereza wamefanya vivyo hivyo kwa "by and large". Wengi wao hutumia maneno haya kila siku, wala hawajui kwamba wanazungumza kibaharia.

Sasa turudi katika daftari zetu. Yako makosa manne ambayo wanafunzi huyafanya. Yaandike ili uyaepuke.

Kosa la kwanza ni kuyabadili maneno yenyewe. Usiseme "by and big", wala "by the large", wala "large and by". Mzigo huu haufunguliwi. Ni "by and large" tu.

Kosa la pili ni kuyatumia kwa jambo lisilo na sehemu. Huwezi kusema, "By and large, my name is Juma." Jina lako ni Juma au si Juma. Huwezi kusema, "By and large, seven and three make ten." Saba na tatu ni kumi siku zote, bila kasoro. Maneno haya hutumika kwa mambo yaliyo mengi, au yaliyo marefu, au yaliyo na sehemu nyingi: mvua za msimu, watu wa kijiji, kazi ya mwaka, afya ya watoto.

Kosa la tatu ni kuchanganya "by and large" na "by and by". Haya ni maneno mengine kabisa. "By and by" ni maneno ya kizamani kidogo, na maana yake ni baadaye, baada ya muda. "He will come by and by." Atakuja baadaye.

Kosa la nne ni kuchanganya na "at large". Ukisoma katika gazeti, "The thief is at large," usidhani kwamba mwizi ni mkubwa wa mwili. Maana yake ni kwamba mwizi bado yuko huru, hajakamatwa. Unaona? "Large" hapa pia si kubwa. Ni ile ile ya kuwa na nafasi, ya kutobanwa.

Na ninyi wenyewe mtayatumia lini? Mtayatumia mnapotaka kusema kweli bila kuzidisha. Mathalan, umeulizwa na mkubwa wako kazini, "How is the work?" Kazi inakwenda vizuri, isipokuwa siku mbili vifaa vilichelewa. Ukisema "The work is good," umeficha kitu. Ukisema "The work is bad," umejidhulumu. Sema, "By and large, the work is good, but the tools came late." Kwa jumla kazi ni nzuri, lakini vifaa vilichelewa. Tazama neno "but". Mtu mwungwana akisema "by and large", huongeza "but" yake, akataja kilichobaki. Asipoitaja yeye, wewe mwulize.

Sasa jaribu mazoezi haya. Usitazame majibu kwanza.

Fasiri kwa Kiswahili:

1. By and large, the children are healthy.
2. The harvest was, by and large, good.
3. By and large, people in this village can read.

Fasiri kwa Kiingereza:

4. Kwa jumla, barabara ni nzuri.
5. Kwa sehemu kubwa, wakulima wanakubali, lakini wachache hawakubali.

Majibu ni haya. La kwanza: Kwa jumla, watoto wana afya njema. La pili: Mavuno, kwa sehemu kubwa, yalikuwa mazuri. La tatu: Kwa sehemu kubwa, watu wa kijiji hiki wanajua kusoma. La nne: By and large, the roads are good. La tano: By and large, the farmers agree, but a few do not agree.

Kama umepata matatu au zaidi, umefanya vizuri. Kama umepata machache, soma somo tena kesho asubuhi, kichwa kikiwa chepesi.

Zoezi la sita sitalitolea jibu. Fikiri kwamba kijiji chako kina visima vitano. Bwana afya amevipima, akaleta barua. Imeandikwa hivi: "By and large, the water in your wells is clean." Watu wamekusanyika, nawe ndiwe unayejua kusoma. Barua iko mkononi mwako. Andika katika daftari yako, kwanza, utawaambia nini watu. Pili, andika swali utakalompelekea bwana afya kabla mtoto yeyote hajatumwa tena kuchota maji.

Lete daftari darasani, mwalimu wako alione swali hilo. Kwa leo tukome hapa. Kwaherini, na Mungu akipenda tutaonana katika somo lijalo.